Programu Mbili za Maji ya Mwamkulu

Oktoba ya Mpanda haifai kwa ubishi. Joto linakuwa limekaa mjini kwa muda mrefu, vumbi halitulii, na watu wana hasira za karibu. Mimi hasira zangu ni za karibu mwezi wowote, kwa hiyo asubuhi ile nilipomwambia bosi wangu kwamba hesabu zake zitamzamisha dada yangu, sikumwambia kwa upole. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akaniomba nifunge mlango, kwa sababu vumbi la bodaboda lilikuwa linaingia kwenye kompyuta.

Tulikuwa wahandisi wawili katika ofisi ya vyumba viwili Makanyagio, nyuma ya duka la mabati na misumari. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa barabara ya Mwamkulu. Sehemu yake moja inakatiza bonde la mpunga, na kila msimu wa mvua inakatika. Safari hii ilikuwa inainuliwa juu ya tuta refu la udongo na mawe, na sisi tulitakiwa kusema maji yapite wapi chini ya tuta hilo, na kwenye matundu ya ukubwa gani. Mkandarasi alikuwa amekwisha kumwaga mawe. Alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama tumemaliza, na alasiri mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa magharibi. Mvua ikianza kabla hatujatoa jibu, kazi ingesimama mwaka mzima.

Siku hizi mambo kama haya hayakisiwi. Unachukua ramani ya ardhi, unaiingiza kwenye programu, unainyeshea mvua ya kwenye kompyuta, halafu unakaa kutazama maji yanakwenda wapi. Ubishi wetu ulikuwa ni programu ipi. Bosi alikuwa na yake, iliyonunuliwa Dar es Salaam, yenye kifunguo kidogo kinachochomekwa kama flashi. Bila hicho kifunguo haifunguki, kwa hiyo alikiweka pamoja na funguo za gari na alikuwa anajipapasa mfuko kila baada ya muda kuhakikisha kipo. Alikuwa ameitumia tangu mimi nikiwa sekondari. Wakubwa wanaopitisha michoro waliijua, wakiona jalada la ripoti yake wanasaini bila kuuliza. Mimi nilikuwa na ya bure, inayopakuliwa mtandaoni, niliyojifunza chuoni kwa kukesha na wenzangu. Bosi aliiita programu ya wanafunzi.

Ya bosi inaukata mto vipande vipande kama mkate. Inauliza upana na kina cha kila kipande, halafu inayapitisha maji kutoka kipande hadi kipande. Unachemsha chai, ukirudi imemaliza. Ya kwangu inatandaza wavu juu ya eneo lote. Kila tundu la wavu linapokea maji kutoka kwa jirani yake na kumpa jirani mwingine, na maji yanakwenda yanakotaka. Inachukua nusu siku, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, na umeme wetu mnaujua. Sitaki kuwa mwongo: kule milimani ambako mto umebanwa ndani ya korongo, ya bosi inatoa jibu zuri mara moja, na yangu inakuwa ni mbwembwe tu. Lakini Mwamkulu hakuna korongo. Kuna majaruba ya mpunga, moja baada ya jingine, kila moja na kingo zake za udongo, na mvua ikizidi mto unaacha njia yake na kutembea ndani ya majaruba upana wote wa bonde.

Majibu yalikuwa hivi. Ya bosi ilisema makalvati matatu, yale matundu ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara, yanatosha. Maji yangesimama kidogo upande wa juu wa tuta, yangefika kifundo cha mguu kwenye nyumba za karibu, na kesho yake yangekuwa yamekwenda. Ya kwangu ilisema kwa makalvati hayo hayo matatu, tuta litakuwa bwawa. Maji yangefika madirishani. Nyumba ya kwanza kabisa upande wa juu wa tuta, ile ambayo mtu akisimama barabarani anasikia wanachoongea uani, ilikuwa ya dada yangu.

Huyu ni dada aliyenibeba mgongoni. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na mpunga wa dada ndio ulionisomesha, gunia baada ya gunia, mpaka nikavaa ile kofia ya mahafali. Kwa hiyo bosi aliponisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno lake, liliniuma kwa sababu halikuwa la kijinga.

"Injinia," aliniambia, "wewe umechagua jibu kwanza, halafu ukalitafutia programu."

Nilitoka nje. Nilinunua maji ya baridi kwa mama wa kibandani, nikayanywa yote nimesimama juani, nikirudia majibu makali ambayo sikuwa nimeyatoa. Nilipotulia niliona kwamba hakuna hata moja linalofaa. Angekuwa ni yeye mwenye ndugu pale, mimi ningemwambia vile vile, tena kwa maneno mabaya zaidi.

Niliporudi ndani nilimpa pendekezo. Tuachane na tuta kwanza. Tuzipe programu zote mbili mvua ya mwaka uliopita, ile kubwa, wakati tuta halijaanza hata kuzungumzwa, na kila moja iseme maji yalifika wapi. Halafu tuende Mwamkulu tukapime yalikofika kweli. Itakayosema ukweli ndiyo itakayofanya kazi. Bosi alikubali hapo hapo. Yeye ni mtu wa haki, hilo sikuwahi kulitilia shaka, na nadhani naye alitaka sana kujua.

Kusema kweli, nilikuwa najua jibu. Mwaka uliopita nilikuwa bado nafanya kazi Dar, na siku ya mvua ile dada alinipigia simu akiwa amesimama juu ya meza. Alikuwa amewapandisha watoto wake wawili kwenye kenchi za paa. Aliniambia maji yalikuwa yamemfika mapajani kabla hajapanda, na sufuria zinaelea. Halafu simu ikakata. Sikumpata tena mpaka kesho yake jioni, na sijui nilikaaje siku ile. Sasa hayo yote bosi nilimweleza, lakini simu ya dada si kipimo. Alitaka alama kwenye ukuta na watu wa kuithibitisha, na mimi nilijua viko.

Programu zikasema. Ya bosi: kwa mvua ile, maji nyumbani kwa dada yalifika kifundo cha mguu. Ya kwangu: yalifika mapajani. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilimpigia dada kumwambia kwamba keshokutwa nakuja na bosi wangu kupima maji yalikofika. Aliuliza kupima ili iweje. Nikamwambia ni kwa ajili ya barabara. Akauliza kama tutakuja na rangi. Nilicheka, nikamwambia sisi si wapaka rangi, ni wahandisi, aandae karanga.

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo mimi, kati ya watu wote, sikupaswa kuelezwa. Wazazi wetu walitoka Burundi. Sisi tulizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, tukakulia humo humo, na leo ni Watanzania wenye karatasi zetu. Lakini kulikuwa na miaka ya katikati, nikiwa msichana, tulipoambiwa kwamba uraia tutapata ila tutahamishwa, kila familia kwenda mkoa wake, tusikokujua. Baba aliacha kupanda mihogo, kwa sababu muhogo unakaa ardhini muda mrefu na hatukujua nani atakuja kuula. Paa lilivuja na halikuzibwa. Nguo zetu nzuri zilikaa kwenye mfuko wa salfeti mpaka zikawa ndogo. Halafu tukaambiwa basi, kaeni. Baadaye wengine, kama dada, walijitafutia wenyewe mahali pa kuishi, wakachanganyika na wenyeji, na yeye akaangukia Mwamkulu kwa sababu ya mpunga.

Miaka ile iliacha desturi moja. Mgeni akija na futi ya kupimia mkononi, anajibiwa kwamba hapa ni pazuri, hakuna shida. Akiuliza visima, vinatosha. Akiuliza magonjwa, hakuna. Mtu akisema pana shida ataambiwa basi ahame, ndivyo watu walivyoelewa dunia. Nililijua jibu hilo kabla sijalijua jedwali la kuzidisha. Na bado nilipiga simu, nikataja kupima, nikacheka.

Tulifika Mwamkulu saa za asubuhi kwa pikapu ya bosi. Tulianzia nyumba ya mbali, kwa utaratibu, ili dada awe wa mwisho na asiwaambukize wengine maneno. Mwenye nyumba ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa anasuka mkeka, alisema maji yalilowesha kizingiti tu. Wa pili, mama mwenye mtoto mgongoni, alisema yalipita. Nilimuuliza yalipita wapi, akaonyesha kwa kidevu upande wa bonde. Wa tatu alisema yeye hakumbuki mvua kubwa mwaka uliopita. Bosi aliandika kila jibu kwa mwandiko wake mdogo, na hakunitazama. Alifanya makusudi kutonitazama, na wema huo ulinikera kuliko kama angenicheka.

Dada alitutolea viti, maji ya kunywa na sahani ya karanga za kuchemsha. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani siku ya kazi. Bosi alimsalimia kwa heshima, akamsifia uwanja uliofagiwa, kisha akamuuliza. Dada aliinama, akagusa mguu wake chini kabisa.

"Hapa, baba," alisema. "Yalinigusa hapa, yakaenda zake."

Uso wangu uliwaka. Nilimuuliza kwa Kirundi kama amesahau siku aliyonipigia simu akiwa juu ya meza. Yeye alinijibu kwa Kiswahili, ili bosi asikie.

"Meza ipi, mdogo wangu?"

Nilikasirika sana. Huyu mtu alikuwa analia kwenye simu. Nilitaka kuingia ndani, niitoe ile meza, niiweke mbele yake. Badala yake nilijifanya naangalia ukuta, kwa sababu kama ningemtazama usoni ningesema kitu ambacho hakirudi. Ndipo nikauona ule ukuta.

Nyumba ya dada ni ya tofali mbichi, iliyosiribwa kwa udongo. Watu wetu husiriba wakishavuna, wakati wana nafasi, au Krismasi ikikaribia. Oktoba hakuna anayesiriba. Oktoba watu wanaandaa mashamba. Na ukuta ule ulikuwa umesiribwa jana au juzi, tena si wote. Juu ulikuwa na rangi ile ile ya zamani, iliyopauka, yenye nyufa. Chini ulikuwa mweusi na mbichi, unanuka udongo wa bondeni. Ule weusi ulianzia ardhini ukapanda mpaka mapajani pangu, ukaishia hapo.

Niligeuka kuangalia nyumba tulizotoka. Zote zilikuwa na mkanda huo. Nyumba ya mama mwenye mtoto, iliyo juu kidogo ya mwinuko, mkanda wake ulikuwa mwembamba. Ya mzee wa mkeka, iliyo juu zaidi, ulikuwa upana wa kiganja kimoja. Ya yule asiyekumbuka mvua, iliyo chini zaidi, ndiyo iliyokuwa na mkanda mpana kuliko zote. Ardhi ilikuwa inapanda na kushuka, lakini mwisho wa udongo mbichi ulikuwa kwenye usawa mmoja, nyumba hadi nyumba. Baada ya simu yangu kwa dada, walikuwa wamefuta alama ya maji, na kwa kuifuta walikuwa wameichora upya kubwa zaidi, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama mbali kiasi cha kuiona.

Nilisimama pale na karanga mkononi. Nikikaa kimya, programu ya bosi imeshinda kwa haki, kwa ushahidi wa watu wenyewe, akiwemo dada yangu. Tuta lingejengwa na makalvati yake matatu, na mvua nyingine kama ile ikija, ile meza isingetosha. Nikisema, nitakuwa nimemwita dada yangu mwongo, uani kwake, mbele ya mgeni, na karatasi itaandikwa kwamba nyumba hii imesimama kwenye maji. Nilijua kinachofuata baada ya karatasi ya namna hiyo. Naye alijua, ndiyo maana alinitazama mimi tu, hakumtazama bosi.

Sikufikiria kwa muda mrefu. Nilikwenda kwenye gari, nikatoa mashine ya kupimia usawa wa ardhi, nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu katikati ya uwanja, nikaisawazisha. Kisha nikamwita bosi achungulie.

Aliinama kwenye kioo. Aliizungusha polepole kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi nyuma, akaizungusha tena. Nilimwona anaacha kupumua kwa mdomo, jambo analofanya akiwa makini.

"Huu ni udongo mpya," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na wote unaishia hapa hapa."

Nikamwambia tofauti kati ya nyumba na nyumba ni kiganja, pengine pungufu. Aliniuliza chini ya huo udongo kuna nini. Hakuwa ananitega, alikuwa anauliza kama mhandisi. Nilikwenda ukutani kwa dada, nikaukwangua kwa makali ya rula ya chuma. Udongo ulikuwa bado laini, ulianguka vipande vipande juu ya viatu vyangu. Chini yake kulikuwa na ukuta wa zamani, na juu ya ukuta wa zamani mstari wa tope lililokauka, na pumba za mpunga zimenasa ndani yake, zimejipanga kwa urefu wote wa ukuta.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na ile sahani.

"Umemaliza?" aliniuliza.

Nilisema nimemaliza. Alichukua viti vyake, kimoja kimoja, akaviingiza ndani. Bosi alipima urefu wa ule mstari, akauandika, akafunga kalamu.

Kwenye gari bosi aliliacha bonde nyuma kwanza. Kisha alisema programu yangu imekosea kwa kiganja na yake imekosea kwa mguu mzima, kwa hiyo tutatumia yangu, na ripoti atasaini yeye na wakubwa wakiuliza atajibu yeye. Alisema bila kinyongo. Hata aliniuliza kama inawezekana kumfundisha. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilifurahi kwa kipande cha njia mpaka shule ya kwanza barabarani, halafu nikakumbuka viti vya dada vikiingizwa ndani kimoja kimoja.

Zilizobaki zilikuwa siku mbaya. Programu yangu ilikuwa na kazi nzima ya kufanya, na umeme ulikatika kila ilipokaribia kumaliza. Tuliunganisha betri ya pikapu. Mkandarasi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akawa anatingisha goti. Nilifuta makalvati matatu na kuweka daraja, nikalipanua, nikanyesha mvua, nikalipanua tena. Mwishowe nikapata daraja ambalo haliongezi kitu. Maji upande wa juu yalifika pale pale yalipofika mwaka uliopita, mapajani, na hayakuzidi hapo hata kidogo. Tuta halikuwa bwawa tena. Hakuna aliyekuwa anaenda kuzama kwa sababu ya barabara yetu.

Lakini programu kama yangu haitoi namba tu, inatoa ramani, na ramani inaambatanishwa. Palipo na maji panakuwa na rangi ya bluu. Nyumba iliyo ndani ya bluu haiwezi kuachwa pembeni ya barabara mpya, hilo ni sharti la wenye barabara, na bosi alinisomea sharti lenyewe mara mbili ili nisifikiri analitunga. Nikaupunguza wavu, matundu yakawa madogo zaidi, nikitumaini kwamba kwa kupima kwa makini zaidi nyumba ya dada itatoka nje ya mstari kwa haki. Haikutoka. Nilirekebisha urefu wa kingo za majaruba kwa vipimo tulivyochukua wenyewe. Ikabaki ndani, pamoja na ya mama mwenye mtoto na ile ya chini. Ya mzee wa mkeka ilitoka. Bosi aliniambia kipande kile cha ramani naweza kumwachia yeye akichore. Nilikataa, nikakichora.

Watu wa rangi walikuja kabla ya mwezi kwisha. Nyumba tatu ziliwekewa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, kwenye ukuta wa mbele. Wenye nyumba walipewa viwanja juu, kwenye mwinuko, mahali pakavu penye changarawe, mbali na majaruba yao kiasi kwamba mtu hawezi tena kusikia ndege wameingia kwenye mpunga.

Nilikwenda Mwamkulu Jumapili, baada ya ibada, na laptopu kwenye begi. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri njia nzima. Dada hakuyataka. Alipangusa ile meza kwa kanga, akaniambia nimwonyeshe hicho kitu nilichokuwa nakikimbilia.

Nilimwonyesha. Kwanza makalvati matatu, jinsi bluu ilivyopanda kutoka kwenye majaruba, ikazunguka choo, ikaingia uani. Aliuliza nyumba yake ni ipi, nikamwekea kidole. Aliangalia bluu ikiifunika. Aliuliza watoto wako wapi hapo, nikamwambia programu haijui watu, inajua maji na ardhi tu. Kisha nilimwonyesha daraja langu, na jinsi maji yanavyopita chini yake. Nilitaka aone tofauti. Nilitaka sana aione.

"Na ya bosi wako ilikuwa inasemaje?" aliuliza.

Nikamwambia ilisema kifundo cha mguu.

"Kumbe tulisema sawa," alisema, na akacheka kidogo. Mimi nikacheka naye, na kwa muda ule mfupi nilidhani mambo yamekwisha.

Alifunga laptopu yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyofunga Biblia, akanisogezea. Alisema atahama. Watoto ni wake, na maji yale aliyaona kwa macho yake kabla kompyuta haijayaona, hana cha kubishana nayo. Alisema hata kama angekuwa yeye ndiye mhandisi, labda angechora hivyo hivyo. Nilianza kumwambia kwamba nitaomba ruhusa ya siku mbili, na bosi atanipa pikapu. Kwetu ndugu akihama huitwi wala huombwi. Unakwenda alfajiri, unabeba, mnakula pamoja kwenye nyumba mpya ambayo haijawa na mlango. Tumezoea kuhama, na hatujawahi kumwacha mtu ahame peke yake.

"Usije," alisema.

Nilimuuliza ana maana gani.

"Nitahama, mdogo wangu. Ila siku hiyo wewe usije."

Alihama Alhamisi. Bosi aliweka funguo za gari mezani kwangu tangu asubuhi. Nilikaa ofisini mpaka jioni, na vyombo vya dada yangu walibeba majirani.